Pipa la Maji ya Lupini

Shabani alipofunua kifuniko cha pipa, chokaa iliyoruka ilimpata usoni karibu yote, na iliyobaki ikanipata mimi niliyekuwa nyuma ya bega lake. Niliona weupe, kisha moto. Jicho langu la kushoto lilikuwa linachemka, na zaidi ya hapo silielezi. Shabani alipiga magoti kwenye tuta la maua ya lupini akawa anapapasa mbele yake kama mtu aliyeangusha kitu, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada mkubwa, maji yako wapi?"

Maji yalikuwa kwenye bomba, pale ukutani. Bomba lina kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Festo, meneja wetu, na Festo alikuwa amesimama getini na suti yake anamsubiri mgeni rasmi. Nilimwita kwa jina. Aligeuka, akatuona vizuri tu, akanyoosha kiganja kama anamtuliza mtoto.

"Subirini kwanza mgeni apite."

Haya naanza nayo kwa sababu mengine yote ya kazi yangu yamekaa nyuma ya hili, na nyie mnaobaki na majembe kwenye ule ua mmesimuliwa vingine. Mmeambiwa mimi, Mama Mwanaidi, nimestaafu kwa hiari. Mmeambiwa Shabani alikuwa amevuta bangi. Mimi nimeishia darasa la saba, kuandika kwangu ni kwa taratibu na kwa jicho moja, lakini nitaandika mpaka mwisho.

Nilianza kazi pale nikiwa msichana. Jumba lenyewe mnalijua, lipo nyuma ya Kariakoo ukiwa unaelekea Mnazi Mmoja, chini maduka, juu wapangaji, katikati ua wenye bustani. Lilikuwa mali ya Mama Kokila, mjane wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa Dar, Kiswahili chake kikiwa kimenyooka kuliko changu. Nilifikiri kazi ya bustani ni kufagia majani. Siku ya kwanza nilikuja na ufagio wangu kutoka nyumbani, nikamkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, sari kaichomeka kiunoni, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akanipa vikombe viwili vya maji.

"Onja," akasema.

Kimoja kilikuwa cha kisima. Wanaokaa Kariakoo wanajua maji ya visima vyetu, ukipikia chai huna haja ya kuitia chumvi. Cha pili kilikuwa cha mvua, kutoka kwenye pipa la chuma lililowekwa chini ya mfereji wa paa. Akaniambia kuna maua ambayo nikiyapa maji ya kikombe cha kwanza, yatanyauka huku nikiyatazama. Nilifikiri ananitania. Nikamwuliza maua gani hayo yana maringo hivyo. Akanionyesha lupini.

Wengine mliikuta imeshakufa, basi niwaeleze. Lupini ina majani yaliyotawanyika kama vidole vya kiganja, na mvua ikinyesha kila kiganja kinashika tone moja katikati. Ua lake halitazami pembeni, linapanda juu kama mshumaa, zambarau, jeupe, la waridi. Si mmea wa Dar. Mumewe Mama Kokila alikuwa na duka Lushoto kabla hawajahamia mjini, na kule kwenye baridi lupini inaota hata kandokando ya njia bila kubembelezwa. Yeye alirudi na mbegu ndani ya kitambaa, na tangu hapo kila mwaka akawa anailazimisha Dar es Salaam iwe Lushoto kwa miezi michache. Watu walimwona ana wazimu. Mimi pia, ila mimi nilikuwa nalipwa.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Mbegu ya lupini ina ganda gumu, ukiifukia hivihivi itakaa kama kokoto. Unaisugua kwenye msasa upande mmoja mpaka rangi ibadilike kidogo, siyo mpaka umalize mbegu, halafu unailaza kwenye maji ya uvuguvugu. Asubuhi zilizovimba unapanda, ambazo hazijavimba unazirudisha kwenye msasa. Unapanda masika yakiwa yanaaga, ili kipupwe kikija mche uwe umeshajipanga. Unapanda palepale itakapokaa. Mzizi wake unashuka moja kwa moja kama karoti, na ukiukata hausahau. Mama Kokila alikuwa anasema, "Hii si mchicha, Mwanaidi. Ukiihamisha inanuna, na ikinuna inakufa." Kama ni lazima uanzie kwenye kivuli, tumia pakiti za maziwa zilizokatwa chini, uzishushe na pakiti yake.

Udongo wa ule ua ni mchanga wa pwani wenye vipande vya matumbawe, na kwenye matumbawe kuna chokaa, na lupini na chokaa hawakai nyumba moja. Kwa hiyo tuta lake tulilichimba tukatoa udongo wote, tukajaza mwekundu ulioletwa na lori kutoka Pugu, na majani yaliyooza. Samadi hapana. Ukiipa samadi inanenepa majani tu, ua hulioni. Ila kila mwaka unachukua konzi la udongo wa tuta la zamani unachanganya na mpya, kwa sababu kwenye mizizi kuna vinundu, ukivipasua ndani ni vyekundu kidogo, na hivyo ndivyo vinavyoilisha. Vidukari vikija, vile vidudu vya kijivu vinavyoganda kwenye shingo ya ua, unavipangusa kwa vidole na maji ya sabuni. Nimevipangusa miaka yote hiyo. Kama kuna cheo cha kupangusa vidukari, nilikistahili.

Na maji ni ya pipa. Asubuhi, kwenye shina, siyo kwenye ua. Masika na vuli tulilijaza hilo na mengine madogo, halafu kiangazi tukawa tunagawa kwa kopo. Pipa lile kubwa lilitokea bandarini, lilikuwa la mafuta ya kula, tukalisugua na majivu mpaka likaacha kunuka. Lilikuwa na kifuniko chake cha kubana, kuzuia mbu. Lile ndilo pipa lenyewe.

Wabeba mizigo wa mtaani walikuwa wakipita na mikokoteni wananiona na kopo langu. Mmoja aliwahi kusimama, jasho linamtiririka, akasema, "Dada, maua yananyweshwa maji matamu, sisi tunanawa ya chumvi. Ungenipanda na mimi basi." Nikamwambia aingie anywe. Alikuwa Shabani.

Baadaye mgongo wake ulikataa mkokoteni, akaja kuomba kazi, na mimi ndiye niliyemwombea kwa Mama Kokila. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono mepesi. Alijua mche una kiu kwa kugusa jani tu. Lupini aliita mishumaa, na kila ua la kwanza la mwaka likifunguka alikuwa ananiita, "Dada mkubwa, umeme umerudi." Mwaka mmoja mlinzi wetu aliona mbegu za lupini nimezianika, akadhani maharage ya aina mpya, akapika kwa nazi. Akatapika mpaka akawa anaona walinzi wawili getini. Shabani alimkokota hadi zahanati, na alipopona akawa anamsalimia kila asubuhi kwa kumwuliza leo kapika nini. Mbegu zile ni chungu na zina sumu, vijana, msizianike karibu na jiko.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, nitaje moja. Mwaka fulani lupini zote zilianza kugeuka manjano, mishipa ya jani ikabaki kijani. Tulihangaika, tukabadilisha kivuli, tukapunguza maji. Mama Kokila akashuka na fimbo yake, akaangalia mawe yanayozunguka tuta. Yalikuwa yamepakwa chokaa. Mnajua desturi yetu, sikukuu ikikaribia au mkubwa akija, tunapaka chokaa mawe, vigogo vya miti, ukingo wa mtaro, hata nguzo, mahali paonekane pana mwenyewe. Mpangaji mmoja alikuwa ameyapaka kwa nia njema. Mvua ikaishusha ile chokaa kwenye udongo. Tuliondoa mawe, tukakwangua udongo wa juu, tukaweka mwingine. Zikapona chache. Tangu siku ile Mama Kokila akapiga marufuku chokaa kwenye ua mzima, na alipoulizwa na wapangaji mbona mawe hayapendezi, aliwajibu kwamba mawe hayakuja pale kupendeza.

Alipokufa tulimlia. Jumba likaenda kwa mtoto wa kaka yake, Hiren, ambaye hakuwa mtu mbaya wa mdomo. Alitusalimia kila akipita. Ila alikuwa na haraka ya kila kitu, na haraka yake akamkabidhi Festo. Festo alikuja na viatu vya kung'aa na kufuli. Bomba la ukutani lilikuwa wazi siku zote, wabeba mizigo wanaingia wananawa uso wanatoka. Festo akasema jumba limegeuka kituo cha kunawia, akalifunga, ufunguo akauweka yeye. Nilimwambia siku moja mtu atahitaji maji haraka. Akaniambia wewe una pipa lako, mama, tulia.

Mwaka ule wa mwisho Hiren alikarabati maduka ya mbele, na akataka kuyafungua kwa sherehe, na sherehe ikapata mgeni rasmi. Lupini zilikuwa ndiyo kwanza zinasimama. Asubuhi ya sherehe Festo akaingia kwenye ua akatazama huku na huku, akauliza mawe haya mbona meusi. Nikamweleza habari ya chokaa na lupini. Akasema mgeni haji kukagua mizizi.

Chokaa ililetwa na Salum, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Gerezani. Zamani tulizoea ya unga, imeshazimwa, unakoroga na maji na chumvi kidogo ishike, unapaka. Salum alishusha mfuko wa mabonge. Chokaa mbichi, haijazimwa, ile inayochemka ikikutana na maji. Shabani aliifungua akanionyesha. Mtu yeyote aliyewahi kushika brashi anajua mabonge yale yanazimwa shimoni, maji mengi, unatia kidogo kidogo umesimama mbali, unayaacha mpaka kesho. Shabani akamwambia Salum hii si yenyewe. Salum akajibu chokaa ni chokaa, ile ya unga imeisha dukani, akapanda pikipiki akaondoka. Salum, unajua unachouza. Umekiuza tangu ukiwa na meza ya barabarani.

Tukamwambia Festo haiwezi kuwa tayari leo. Akasema itakuwa. Umeme ulikuwa umekatika, pampu ya kisima imezima, na bomba, lililobaki na maji ya kisima ya kwenye tangi, mwenyewe alisema, lingechukua muda kujaza chombo. Akaliona pipa la lupini. Nikasimama mbele yake. Nasema ukweli, sikusimama kwa ajili ya macho ya mtu. Nilisimama kwa ajili ya maji. Mvua zilikuwa mbali, na yale ndiyo maji matamu yaliyobaki. Nikamwambia Festo, haya ni ya maua. Akamwambia Shabani mimina.

Shabani alinitazama. Ana mke, ana watoto, na Festo alishawahi kumwambia mbele yetu kwamba vijana wa kushika jembe Kariakoo wamejaa. Akamimina. Mfuko wote kwa mpigo mmoja, kama alivyoamriwa, ndani ya pipa lenye maji nusu. Likaanza kunguruma. Mvuke ukapanda, na Festo akaona unaelekea kwenye viti vya wageni vilivyovalishwa vitambaa, akasema funikeni. Kile kifuniko cha kubana. Shabani akamwuliza, bosi, lifunikwe hivi linavyochemka? Akasema funika.

Tukakaa kando. Ubavu wa pipa ulikuwa haushikiki. Kisha simu ya Festo ikalia, akasikiliza, akapiga makofi mawili hewani.

"Mgeni yuko Msimbazi. Shabani, fungua ukoroge, muanze na mawe ya mbele."

Festo akaelekea getini. Shabani alichukua kitambaa akashika kifuniko. Mimi nilisogea nimsaidie na mti wa kukorogea. Basi. Hapo ndipo mlipoanza kusoma.

Hiren alikuwa kwenye baraza la juu anafunga tai. Nilipoinua uso kwa jicho lililobaki nilimwona, naye alituona. Akaingia ndani. Najua atasema alienda kutafuta msaada. Msaada wake hatukuuona. Gari la mgeni liliingia, makofi yakapigwa, ngoma ikaanza, na Shabani yuko kwenye tuta anajifuta kwa kanzu yangu ya kazi, na kila akijifuta anazidi kuisugua ndani. Nilimshika mikono. Nilikuwa napiga kelele ufunguo, ufunguo, na ngoma inanizidi. Aliyetuokoa ni mama mmoja muuza maji ya chupa wa pale mtaani. Alisikia, akapenya getini na beseni lake kichwani. Mtu wa Festo akamvuta upande mmoja, yeye akavuta upande wake, akafika, akawa anafungua chupa kwa meno na kutumwagia usoni, moja baada ya nyingine, huku anawatukana wote waliokaa kwenye viti. Mimi nilikuwa nimeipata kidogo, likabaki jicho moja. Shabani ilimpata yote.

Hospitali daktari aliniuliza swali moja, kwamba tulioshwa baada ya muda gani. Nikamwambia baada ya mgeni kupita. Akasema chokaa ikiingia jichoni unaosha papo hapo, mfululizo, kwa maji yoyote safi, hata ya chumvi, na kila dakika unayongoja inaendelea kula. Hilo lishikeni, nyie mnaobaki, kuliko yote niliyoandika juu ya mbegu.

Niliporudi kuchukua vitu vyangu nilipita kwenye tuta. Lupini zilikuwa za manjano, mishipa ya kijani, mishumaa imeinama kabla haijafunga mbegu. Mbegu za mwaka ule ndizo zingekuwa za mwaka unaofuata. Hatukuwa na nyingine. Mawe ya mbele yalikuwa meupe. Mtu alimalizia kuyapaka.

Na Festo aliitisha wafanyakazi, baadhi yenu mlikuwepo, akasimama mlemle uani akasema kilichotokea ni uzembe, Shabani alikuja kazini amevuta bangi, akafungua pipa bila kuambiwa. Hiren alisimama pembeni yake akaangalia chini. Hakuna aliyejibu. Sisemi mngejibu, najua kazi zilivyo. Lakini neno lile lilitoka getini kabla yenu. Lilifika msikitini kwa Shabani. Lilifika shuleni kwa binti yake, wenzake wakamwimbia. Shabani hajawahi kuvuta hata sigara, alikuwa anasema moshi wa Kariakoo unamtosha bure.

Nilimtembelea Mchikichini, ambako mkewe anauza viatu vya mitumba. Yeye anakaa chini nyuma ya meza, anatafuta kiatu na mwenzake kwa vidole, anapapasa soli, anapapasa mshono, anavifunga kamba pamoja. Nikamwamkia, akanijua kabla sijamaliza.

"Dada mkubwa. Macho sidai, yameenda," akaniambia. "Nataka mwanangu asikie kwamba niliambiwa nifungue."

Hilo tu. Tulienda ofisini tukaambiwa meneja ana kikao. Tulirudi tukaambiwa Hiren kasafiri. Salum anasema yeye aliuza mfuko, hakuuza ajali. Kila mmoja ana mlango wa kutokea.

Kwa hiyo nawauliza hapa, kwa majina. Salum, nani aliyekuambia ulete mabonge, au uliamua mwenyewe? Hiren, ulipoingia ndani ulienda kufanya nini, na ulipoangalia chini ulikuwa unajua maneno ya Festo ni uongo au hukujua? Na wewe Festo. Nani alisema mimina, nani alisema funika, nani alisema fungua? Ufunguo wa bomba ulikuwa kwa nani?

Siwaambii mje kwangu. Nendeni Mchikichini, mchana, watu wakiwepo, mumwite binti yake asimame karibu, mseme. Festo, uanze wewe. Hatakuona ukija, lakini huna haja ya kujitambulisha. Sauti yako ndiyo iliyomwambia asubiri.